Kilomita Ambazo Hazimo Kwenye Dashibodi

Stika ilikuwa imebandikwa ndani ya boneti, karibu na kifuniko cha mkanda wa taimingi, mahali ambapo oili na vumbi la miaka mingi vilikuwa vimegandamana hata nikakaa na gari miezi minne bila kuiona. Fundi ndiye aliyeifuta kwa kitambaa chenye petroli siku aliyokuwa akitafuta panapovuja oili, kisha akaniita: "Mwalimu, hebu njoo usome hapa." Maandishi yalikuwa ya Kijapani, ambayo mimi na yeye hatuyajui, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 19, kisha 6, na chini yake 101,240. Niliipiga picha nikampelekea mwalimu mwenzangu aliyewahi kusoma Japani, naye akanijibu jioni ile ile kwamba mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwezi wa 6 wa mwaka wa 19 wa Heisei, gari likiwa limetembea kilomita 101,240. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 19 ni 2007.

Wakati huo tulikuwa mwaka 2015. Nilitoka nje usiku na tochi ya simu, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikasoma dashibodi: 91,318. Kwa mujibu wa dashibodi hiyo, gari langu lilikuwa limetembea kilomita pungufu ya zile lilizokwisha kutembea miaka minane kabla.

Gari lenyewe ni Toyota Carina ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498 (sentimita za ujazo), ambayo mafundi wa Dar es Salaam wanaifungua na kuifunga hata gizani. Nililinunua kwa mtu wa pili kulimiliki hapa nchini, likiwa na namba ya usajili ya herufi B, wakati barabarani namba za D zilikuwa ndizo mpya. Lilikuwa safi, rangi inang'aa, viti havijachanika, na aliyeniuzia alinionyesha namba za dashibodi kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Sijui kama yeye ndiye aliyezirudisha nyuma, au ni aliyemtangulia, au ni mkono fulani kabla meli haijang'oa nanga, na sitajua kamwe. Nililolijua usiku ule ni kwamba kati ya mwaka 2007 na siku niliyokabidhiwa ufunguo kulikuwa na safari ambazo hakuna aliyeziandika, na kwamba kila hesabu niliyotaka kuifanya juu ya gari hili ingeanzia kwenye namba ya uongo.

Ni vema nieleze kwa nini jambo hili lilinisumbua kuliko fedha nilizokuwa nimelipa. Gari likiwa Japani hukaguliwa baada ya miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama kubwa. Gari la petroli likishatimiza miaka 13 hata kodi yake ya mwaka hupandishwa. Ndiyo maana magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu si mabovu. Ni magari ambayo wenye nayo wameona hayafai tena kulipiwa, lakini yametunzwa, na stika za ndani ya boneti ni sehemu ya utunzaji huo. Fundi wa kule aliyebadilisha mkanda aliandika tarehe na kilomita ili fundi atakayemfuata, asiyemjua wala hatamwona, ajue ni lini zamu yake ifike. Mkanda wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Yule fundi wa Japani alifanya kazi yake kwa uaminifu, na mtu mwingine, kwa dakika chache na bisibisi, akaifuta kazi hiyo isiwe na maana. Nilibadilisha mkanda wiki iliyofuata. Wa zamani ulipotolewa ulikuwa umeanza kupasuka mgongoni, na fundi alinifariji kwamba katika injini hii mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, gari huzimika tu. Faraja hiyo ni ndogo kwa mtu anayepita Barabara ya Morogoro saa 12 asubuhi akiwa katikati ya malori.

Siku hiyo nilinunua daftari la kurasa 96 nikaliweka kwenye droo ya gari. Ukurasa wa kwanza una sentensi moja: "Kilomita za kweli hazijulikani, hesabu inaanzia 91,500 za dashibodi." Kila kilichofanyika tangu hapo kimo humo, pamoja na jina la duka, bei, na nani alifunga.

Usumbufu mkubwa wa kwanza uliingia mwaka 2017, nao ulikuwa wa mafuta. Gari lililokuwa likinipa kilomita 12 kwa lita lilishuka polepole hadi 7. Mtu asiyepanga bajeti kwa mshahara wa mwalimu anaweza asione uzito wa tofauti hiyo, lakini mimi ni wale wanaosubiri Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, itangaze bei kikomo za mafuta, ndipo nijue mwezi huo nitakwenda kazini na gari siku ngapi na daladala siku ngapi. Mwaka huo huo ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita, mabadiliko ambayo niliyaunga mkono na bado nayaunga mkono, ila yana maana kwamba mwenye gari linalokunywa hovyo hulipa kwa kila lita inayopotea.

Nilianza kuzunguka gereji. Fundi wa kwanza alisema ni plagi, nikanunua plagi nne mpya. Hali haikubadilika. Wa pili alisema ni pampu ya mafuta, ikabadilishwa kwa mtumba, na hali haikubadilika. Wa tatu alizifungua nozeli akazisafisha, akaniambia niendeshe wiki moja "zizoee". Wiki ikapita, zikazoea kunywa vile vile. Wa nne alileta kompyuta ndogo ya kupimia, akatafuta pa kuichomeka, akakuta gari langu haliongei na kompyuta yake kwa sababu ni la soko la Japani na la miaka ile. Badala ya kusema hivyo, akasema ni sensa ya oksijeni. Niliinunua. Hali ikawa ile ile.

Sitaki kuwadharau mafundi hawa. Watatu kati yao walifanya kazi kwa mikono safi na bei za haki. Kinachoumiza ni kwamba kila mmoja alikuwa akibashiri, na gharama ya ubashiri huwa juu ya mwenye gari. Fundi anayebashiri hapotezi kitu: kifaa kipya kimefungwa, kazi imelipwa, na tatizo likibaki husema sasa tujaribu kingine. Tena, vifaa vizuri vilivyotolewa havirudi. Pampu yangu ya mafuta ya awali, ambayo leo naamini haikuwa na kosa lolote, sikuiona tena.

Fundi aliyenitoa katika mzunguko huo ni mzee mwenye gereji chini ya mwembe huko Kimara, ambaye nilipelekwa kwake na jirani. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza vifaa vyote nilivyobadilisha. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo peke yake lilikuwa geni kwangu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Asubuhi mshale wa joto unachukua muda gani kupanda?" Nikamwambia haupandi, nikiwa barabara kuu hukaa chini kabisa, na mimi nilidhani hiyo ni dalili ya afya. Akatikisa kichwa. Alifungua boneti, akafungua kisanduku kidogo cheusi chenye matundu ya nyaya, akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili yenye alama za TE1 na E1, akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini na nihesabu jinsi taa ya cheki injini inavyomweka. Iliwaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili tena, ikapumzika, ikarudia. "Ishirini na mbili," akasema. "Sensa ya joto la maji. Gari linadhani kila siku ni alfajiri ya baridi, kwa hiyo linajimwagia mafuta."

Plagi ya waya wa sensa hiyo ilikuwa imeshika kutu ya kijani. Aliisafisha, akabana vishikizo vyake, na kosa likafutika bila kununua chochote. Hata hivyo hakuishia hapo, kwa sababu mshale wa joto ulio chini haukuelezwa na kutu ile. Geji ya dashibodi ina sensa yake peke yake. Alifungua bomba la chini la rejeta, akatoa nyumba ya thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, akanionyesha ndani. Kulikuwa hakuna kitu. Mtu fulani, katika zile kilomita zisizoandikwa, alikuwa ameitoa.

Hili la thamostati nitalisema kwa kirefu kwa kuwa nimelikuta katika magari ya karibu kila mtu ninayemfahamu. Kuna imani iliyoenea kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati, na kwamba gari linalochemka hutibiwa kwa kuitoa ili maji yapite bila kizuizi. Injini ya petroli kama yangu imebuniwa ifanye kazi maji yakiwa na joto fulani. Thamostati hufungua karibu nyuzi 82, na chini ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Ukiitoa, barabara kuu injini hubaki baridi, huongezewa mafuta, oili haifikii joto la kuchoma unyevu uliomo ndani yake, na ringi za pistoni huliwa mapema. Katika foleni hali hugeuka: thamostati ya injini hii ina kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato ambayo maji hupitia yanapokuwa baridi, na isipokuwepo, sehemu ya maji huendelea kuzunguka kwenye mkato huo bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kilichotolewa ili gari lisichemke ndicho kinacholichemsha. Mzee alikuta pia feni imeungwa moja kwa moja na swichi, izunguke muda wote, na kwenye rejeta hamkuwa na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, bali maji ya bomba yenye rangi ya chai. Tiba tatu za kubahatisha, moja juu ya nyingine, na ugonjwa wa asili umesahaulika.

Alirudisha kila kitu mahali pake kwa siku mbili. Gari likarudi kilomita 12 kwa lita. Niliandika ukurasa mzima.

Ningependa kusema kwamba baada ya kupata fundi mwaminifu mambo yalinyooka, lakini fundi hufunga kifaa ulichomletea, na hapo ndipo panapoanza taabu nyingine ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko zote. Nenda Gerezani, Kariakoo, ukaulizie kifaa chochote cha gari kama langu. Swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Unataka orijino, Taiwani, au ya kawaida?" Bei ya orijino inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile ya kawaida, na ungelipa kwa moyo mmoja kama ungejua kwamba unacholipia ndicho kilichomo. Sanduku lina nembo, lina namba ya kifaa, lina stika inayometameta. Vyote hivyo vinachapishwa na yeyote mwenye mashine. Nimejifunza kupima uzito mkononi, kunusa mpira, kutazama mistari ya kuunganishia vyuma, na bado nimedanganywa. Niliwahi kununua filta ya oili ambayo kila asubuhi iliifanya injini igonge kwa sekunde tatu inapowashwa. Mzee aliipasua kwa msumeno wa chuma, akanionyesha kwamba kile kimpira cha ndani kinachozuia oili isishuke usiku hakikuwamo kabisa. Kwa nje filta ile ilikuwa nzuri kuliko ya kweli. Kwa kuwa sijui kutofautisha, mara nyingi nimeishia kuchagua mtumba wa Japani, yaani kifaa kilichotolewa kwenye gari lililokatwa vipande na kuletwa kwa kontena, nikiamini kwamba kifaa cha kweli kilichochoka nusu ni bora kuliko cha bandia ambacho hakijaanza kazi. Kwa stata na altaneta uamuzi huo umenifaa. Kwa vitu vya mpira, kama bushi na injini maunti, haufai, maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo.

Pampu ya maji ndiyo iliyonigharimu. Mwanzoni mwa Desemba 2019 niliona tone chini ya gari, upande wa mkanda wa altaneta. Pampu hizi zina tundu dogo chini yake, lililowekwa makusudi ili sili ya ndani ikianza kufa maji yadondoke nje na mwenye gari aonywe mapema. Nilionywa, na nilitii: nilikwenda kununua pampu mpya, nikalipa bei ya orijino, nikapewa risiti. Mzee aliigeuza mkononi mara mbili, akasema shafti yake haimpendezi. Nilikuwa na haraka. Shule zilikuwa zimefungwa, mama yangu alikuwa amemaliza matibabu Dar es Salaam na nilipaswa kumrudisha nyumbani Iringa. Nilimwambia aifunge.

Tulivuka Mikumi salama, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya msururu wa malori yaendayo Tunduma. Mlima ule haukupi nafasi ya kuchagua mwendo. Unakwenda kwa kasi ya lori lililo mbele yako, kwa gia ya chini, injini ikizunguka sana na upepo ukiwa mdogo. Mshale wa joto ulipita katikati. Nilizima kiyoyozi, nikafungua vioo vyote, nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, na Mama, aliyekuwa na umri wa miaka 71 na ametoka hospitali siku tatu zilizopita, akakaa amejifunika khanga usoni bila kulalamika. Kisha mshale ukashuka ghafla hadi chini kabisa. Nikamwambia, "Afadhali Mama, limepoa."

Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yamekwisha, na sensa ya geji, ambayo husoma joto la maji, ilikuwa imebaki hewani haina cha kusoma. Tangu siku ile nimemweleza jambo hili kila anayejifunza kuendesha karibu nami: mshale unaoshuka ghafla mlimani ni wa kuogopwa kuliko unaopanda. Niliendelea kupanda kwa dakika mbili au tatu hivi nikiwa na amani, na hizo ndizo dakika zilizoharibu injini. Gari lilianza kupoteza nguvu, ikaja harufu ya sukari iliyoungua, ambayo ni harufu ya kulanti, na mvuke ukatoka pande zote za boneti.

Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu aliruka chini kabla sijafungua mlango, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Dereva wake alimwamkia Mama kwanza, "Shikamoo mama, shuka pole pole ukae kivulini," ndipo akanigeukia. Nilikuwa tayari nimeshika kitambaa nikienda kwenye kifuniko cha rejeta. Akanizuia kwa mkono. Kifuniko kile kimeandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha shinikizo kinachoyazuia maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukikifungua yangali na joto hilo, yaliyobaki huchemka ghafla, yakaruka pamoja na mvuke usoni pako. Alinikataza pia kumwagia injini maji ya baridi, akisema hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka. Tulingoja karibu saa nzima. Wale wawili, ambao walikuwa na mzigo na muda wao, walikaa nasi saa hiyo nzima, wakatupa maji yao wenyewe, na nilipowasha, dereva akasikiliza kidogo, akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha bila kusema neno. Oili ilikuwa imekuwa kama chai ya maziwa. Walituvuta kwa mnyororo hadi Ilula na wakakataa fedha yangu.

Matokeo yake ni gasketi ya hedi kuungua na hedi kupinda. Ilifunguliwa Iringa mjini, ikapelekwa kwenye mashine ikaskimiwa, yaani ikasawazishwa, na likizo yangu yote ikaishia kwenye benchi la gereji. Pampu ilipotolewa, pangaboi yake ilikuwa imeteleza kwenye shafti: ulikuwa ukiizungusha shafti, pangaboi inabaki imesimama. Ilikuwa imeishi siku 11. Nilirudi dukani Januari nikiwa nayo mkononi pamoja na risiti, na aliyekuwa kaunta akaniambia kwa upole kwamba vifaa vya umeme na vya maji havina dhamana. Sikugombana naye. Nilitoka nje nikasimama juani kwa muda, nikiwa nimeishika, na jambo lililonijia ni ile sauti ya mzee ikisema shafti haimpendezi. Alikuwa ameona. Nami nilikuwa na haraka.

Watu wanaonipenda huniuliza kwa nini siliuzi. Mdogo wangu alinipigia hesabu mwaka jana ya kuagiza gari lingine. Kwetu gari likishazidi miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na Kenya magari ya umri huo hayaruhusiwi kabisa kuingia, kwa hiyo ninaelewa nia ya sheria. Lakini gari la chini ya miaka 8 liko nje ya uwezo wangu, na la zaidi ya hapo, baada ya kulipia uchakavu wake, lingekuwa lile lile nililonalo likiwa na rangi nyingine, na dashibodi ambayo nisingeiamini. Carina hii angalau naijua. Najua ni boljointi ipi iliyobadilishwa na ipi bado, najua oili sili ya nyuma imeanza kutokwa jasho na kwamba kuibadilisha ni lazima gia boksi ishushwe, najua breki pedi za mbele zina miezi saba. Ujuzi huo nimeulipia kidogo kidogo kwa miaka tisa, na hakuna ninayeweza kumwuzia ukabaki kuwa na thamani ile ile.

Pamoja na hayo, mwezi Machi nilikubali kujaribu. Dalali alikuja, akalizunguka, akalisifu, akasoma dashibodi: 238,060. Akasema, bila kushusha sauti, "Madamu, hizi tukizirudisha mpaka laki moja na ishirini, wiki hii linatoka." Nikamwambia hapana. Akaliona daftari kwenye droo, akalifungua, akaona ukurasa wa Kitonga, akanishauri kwamba kama sitaki kurudisha kilomita, basi hilo angalau nisimwonyeshe mteja. Nilimshukuru kwa muda wake.

Mteja alikuja mwenyewe Jumapili iliyofuata, kijana muuguzi, anatafuta gari lake la kwanza. Nilimpa daftari kabla hajauliza. Alikaa kiti cha dereva akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa kama dakika arobaini, akiniuliza maana ya neno hili na lile, na mimi nikamjibu nikiwa nimesimama mlangoni. Alipomaliza alinirudishia kwa mikono miwili. Alisema, "Dada, nakushukuru sana, lakini limetembea mno." Alikuwa amepata jingine kama hili, la mwaka ule ule, Tegeta, dashibodi yake inasoma 96,000. Nilimwelewa, mwaka 2015 ningesema vivyo hivyo. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba akifika Tegeta, kabla ya kulipa, afungue boneti, achukue kitambaa chenye petroli, na afute taratibu karibu na kifuniko cha mkanda wa taimingi.